Kiwanja cha Kisimani

Zilikuwa zimebaki kilomita nane kufika Lusu pale mgambo wa kizuizini aliponyoosha mkono na Nikolaus akakanyaga breki. Apolinaria, mkewe, hakuuliza kuna nini. Tangu Igunga alikuwa anajua yatakayowakuta. Ilikuwa Jumapili, saa nane imepita kwa dakika tano, na miaka ile ya shida ya mafuta gari la mtu binafsi lilikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, mpaka Jumatatu kupambazuke. Nchi nzima ilikuwa inajua. Nikolaus ndiye aliyejua kuliko wengi, maana udereva ulikuwa kazi yake. Ila alikuwa na imani moja ya ajabu, kwamba saa nane inawakuta wengine.

Kilichomchoma Apolinaria ni kwamba Jumapili hiyo hiyo viwanja vilikuwa vinapimwa Lusu. Operesheni Vijiji ilikuwa imefika. Watu waliokuwa wametawanyika na mashamba yao walikuwa wanakusanywa wakae pamoja kwa mistari, na karani kutoka wilayani alikuwa anapita na daftari na vigingi. Utaratibu wake haukuwa na maneno mengi. Mwenye kaya anasimama kwenye kiwanja, kigingi kinapigwa, jina linaandikwa. Jua likikaribia kuzama karani anafunga daftari, na asiyekuwepo anapewa kilichobaki. Na kilichobaki kila mtu alikuwa anakifahamu: ni kule mbugani, kwenye udongo mweusi, ambako masika yakija mtu anaacha viatu kwenye tope na kuku wanalala juu ya meza.

Upande wa juu ndiko kulikokuwa na kisima kipya cha pampu.

Apolinaria alikuwa ameteka maji miaka thelathini. Aliolewa kutoka Puge akiwa na miaka kumi na saba, akaletwa Lusu kwenye nyumba ambayo maji yake yalikuwa bondeni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima na zaidi kurudi, maana kurudi ni kupanda na ndoo iko kichwani. Alibeba mimba tatu kwenye njia ile. Uchungu wa mtoto wa kwanza, Eustace, ulimshika akiwa njiani, akatua ndoo, akafika nyumbani bila maji. Siku hiyo mama mkwe alimsema. Kwa hiyo kisima kilipochimbwa, hatua chache tu kutoka kwenye ule mwembe mdogo wa mjumbe, Apolinaria hakusema kitu mbele za watu. Alikwenda peke yake asubuhi moja, akaisukuma ile pampu, akayaangalia maji yanavyomwagika, akarudi nyumbani.

Sasa unauliza, mtu wa namna hiyo alikuwa anafanya nini barabarani wakati viwanja vinapimwa? Alikuwa anatembezwa na mume.

Nikolaus alikuwa amemwendeshea gari Popatlal, mwenye duka la jumla pale Tabora mjini, miaka kumi na tisa. Khanga, sukari, chumvi, baiskeli, alivipeleka Nzega, Igunga, mpaka Singida, kwenye njia ile ile ambayo babu yake aliipita kwa miguu na pembe ya ndovu begani. Nyumbani alikuwa anakuja kama mgeni, siku mbili, tatu, na kila akija alikuwa na hadithi za wanyama. Ameona simba Sekenke. Ameona twiga wamesimama barabarani hawataki kupisha. Apolinaria alikuwa anamsikiliza huku anachambua mchele. Halafu Popatlal akafunga duka kwenda kwa watoto wake Uingereza, na siku ya kuondoka akamwita dereva wake akamwambia achukue lile Bedford la boksi, kwani hakuna mwingine anayejua kuliwasha. Akamwachia na pipa la petroli.

Basi Nikolaus akaligeuza gari kuwa nyumba. Akapiga kitanda cha mbao ndani ya boksi, akatundika pazia, akatengeneza rafu ya vyombo na mahali pa jiko la mkaa. Akamwambia mkewe, mama Eustace, miaka yote nimekuhadithia, sasa twende ukaone kwa macho yako. Na Apolinaria, ambaye hakuwahi kupelekwa mahali popote isipokuwa kanisani na kliniki, akakubali. Alikubali kwa furaha kabisa, hilo lazima lisemwe.

Walianzia hifadhi ya Ugalla. Ndorobo waliingia kwenye gari wakamuuma mpaka kope zikavimba, na kwenye geti la kutokea watu wa serikali wakaja na nyavu ndogo za mkono kuwasaka wale nzi kitandani, chini ya sufuria, kwenye nguo zake za ndani, huku Nikolaus anapiga nao soga. Viboko aliwaona, ndiyo. Aliwaona wakati anatafuta maji ya kupikia. Maana ndivyo ilivyokuwa: nyumba ilikuwa imepata magurudumu lakini kazi zake zilikuwa zile zile. Kila walipolala ilibidi yeye ajue kuni ziko wapi na maji yako wapi, tena mahali asipopajua, penye chatu labda. Usiku alilala ubavuni kwa pipa la petroli, kichwa kinamgonga.

Kule Manyara walisimama jirani na Wazungu wawili, mume na mke, wana kigari chao na viti vya kukunja. Yule mama wa Kizungu alikaa kwenye kiti anasoma, mumewe akakaanga mayai. Apolinaria aliwatazama muda mrefu kuliko alivyowatazama tembo. Nikolaus akamwambia, unaona yule dume mkubwa? Akajibu anaona.

Walikuwa bado hawajafika Serengeti, na Serengeti ndiyo iliyokuwa roho ya safari, pale utingo wa lori la pamba alipowaletea ujumbe wa Bernadeta, mdogo wake Apolinaria aliyeolewa hapo hapo Lusu. Viwanja Jumapili. Njooni. Ujumbe uliwafikia Alhamisi mchana. Apolinaria akaanza kufunga vyombo saa ile ile. Nikolaus akasema hakuna haraka, ni siku tatu hizo, na akataka waangalie kwanza kama simba watapanda miti jioni. Simba hawakupanda. Ijumaa walianza safari saa nne badala ya alfajiri, Jumamosi wakapata pancha mbili, ya pili kwenye mlima wa Sekenke, na Jumapili Igunga akakutana na madereva wenzake wa zamani, wakamshika na chai na maneno kwa saa nzima. Apolinaria alikaa kwenye gari. Alimwita mara mbili kwa mkono. Mara ya tatu hakumwita.

Ndiyo hivyo wakafika kwa mgambo saa nane na dakika tano.

Mgambo mwenyewe aliitwa Ngollo, mtu mzima kidogo, ana fimbo na kofia ya jeshi isiyomwenea. Aliwaamkia vizuri, akasikiliza habari yote ya kiwanja, akasikitika kabisa, halafu akasema gari haliendi.

"Dakika tano tu, ndugu yangu," Nikolaus akasema.

"Mzee, ningekuwa na duka la kuuza dakika, ningekuwa nimevaa kofia inayonitosha."

Wakati wanabishana akatokea katekista mmoja na baiskeli, anawahi Lusu kwenye sala ya jioni. Alipoelezwa akasema hakuna shida, mzee apande kwenye karia, kwa saa moja hivi watakuwa wamefika. Nikolaus mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika zamani kwenye ajali na haukuunga sawa, kilomita nane kwa miguu asingeziweza. Lakini karia ya baiskeli angeiweza. Apolinaria akashuka kwenye gari haraka, akashika baiskeli kwa nyuma, akaisimamisha kama mtu anayemshikia mwenzake farasi.

"Panda, baba Eustace. Mimi nitabaki na gari."

Nikolaus akaiangalia baiskeli. Akaliangalia Bedford. Akasema mwanamke hawezi kubaki peke yake barabarani. Apolinaria akamwambia basi libaki na Ngollo. Akasema Ngollo simjui, kesho nitakuta halina tairi. Ngollo akasema asante mzee. Nikolaus akazunguka gari, akaugusa mlango, akasema maneno mengi, kwamba gari hili ndilo mali pekee aliyoipata kwa miaka kumi na tisa, kwamba Popatlal mwenyewe alimkabidhi mkononi, kwamba mtu haachi nyumba yake njiani kama mbuzi aliyekufa. Aliongea mpaka katekista akatazama jua.

"Mimi nachelewa sala, wazee wangu. Mtanisamehe."

Akapanda, akaenda. Ni pale alipokwisha kuwa mbali, kengele yake haisikiki tena, ndipo Apolinaria alipotambua kwamba alitakiwa apande yeye. Hakuna aliyelifikiria hilo, hata yeye mwenyewe. Karani anaandika wanaume, mke anasimama nyuma. Miaka thelathini na mwanamke anawaza baiskeli ni ya mume.

Nikolaus naye akapata wazo. Karibu na kizuizi palikuwa na boma la mzee mmoja, Luhende, mwenye maksai wanne wa kulimia. Akamwendea akichechemea, wakasalimiana kwa Kinyamwezi, mwadila, mwadila, wakacheka, na baada ya muda Luhende akatoka na ng'ombe, nira mbili na mnyororo. Nikolaus akamgeukia Ngollo akamuuliza, sheria inakataza nini? Ngollo akasema inakataza kuendesha gari. Nikolaus akauliza, je, inakataza ng'ombe kutembea?

Ngollo alivua kofia akafikiri. Alilizunguka gari mara moja. Mwishoni akasema ng'ombe hajakatazwa, lakini ufunguo utabaki kwake mpaka kesho asubuhi, maana anawajua madereva. Nikolaus akamkabidhi ufunguo huku anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Apolinaria alisimama akaangalia wanavyofunga mnyororo kwenye bampa. Ng'ombe mmoja akalala chini. Wakamwinua. Wakavuta, gari likasogea hatua nne, likasimama, Luhende akapiga mluzi, likasogea tena. Nikolaus alikuwa juu, ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, kwa raha zake.

Apolinaria akajifunga khanga vizuri kiunoni. Alikwenda kwenye dirisha la gari akamwambia kwamba anatangulia.

"Waambie nakuja," Nikolaus akasema. "Waambie mwenye kaya yuko njiani na kaya yake."

Apolinaria alikuwa ameshageuza mgongo. Akaondoka.

Kilomita nane si safari kwa mwanamke aliyeteka maji bondeni. Lakini siku hiyo zilikuwa safari. Alikuwa na wiki tatu za kutolala vizuri, na vidonda vya ndorobo vilikuwa vimeanza kuchacha kwenye jasho. Jua lilikuwa la mwaka wa ukame, linapiga bila huruma, na barabara nyeupe. Njiani alipita nyumba ambazo watu walishahamishwa, mapaa yameng'olewa, jiwe la kusagia limeachwa nje kwa sababu ya uzito. Hakuwaza sana. Alikuwa anafikiria mguu huu, halafu mguu ule. Mara moja aligeuka nyuma. Mbali kabisa aliliona boksi la Bedford, dogo kama kiberiti, na ilikuwa vigumu kujua kama linatembea.

Alifika Lusu saa kumi imepita. Watu walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye kiwanja chake kama vinyago vya shambani, wanachomwa na jua, hakuna anayethubutu kwenda hata kujisaidia. Bernadeta alimwona, akamkimbilia akamshika mkono bila salamu, akampeleka moja kwa moja upande wa kisima. Kilikuwa kimebaki kiwanja kimoja tu upande ule. Kimoja. Bernadeta alikuwa ameweka hapo mwanawe wa kike na kuku wawili ili kionekane kina mtu.

Karani alikuwa kijana mwembamba, amevaa kaunda suti yenye vumbi mpaka mabegani, midomo imepasuka. Alikuwa anapima tangu alfajiri, na siku mbili kabla yake alikuwa vijiji vingine. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu, kiasi kwamba hata kukasirika asingeweza. Shilinde, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa anamfuata nyuma na furushi la vigingi.

"Shikamoo mama. Mwenye kaya yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko njiani."

"Anafika saa ngapi?"

Apolinaria aliangalia barabara. Angeweza kusema sasa hivi. Lakini alikuwa amewaona wale ng'ombe.

"Kwa jioni hii, sijui," akasema.

Karani akapumua. Akamweleza pole pole, kama anasoma, kwamba kaya yenye mwanaume lazima mwanaume asimame, ndivyo alivyoagizwa, kwa sababu kuna wanaume wameandikiwa viwanja vijiji viwili kwa kutuma wake zao. Asiyesimama anakwenda kwenye orodha ya mbugani. Wanaosimama wanawake ni wajane peke yao, na hao imeagizwa wapewe karibu na maji. Halafu akauliza, kalamu iko juu ya karatasi, kama anaulizia rangi ya mlango:

"Sasa nikuandike vipi, mama?"

Watu wa viwanja vya jirani walikuwa wanasikia. Wote walikuwa wanamfahamu Nikolaus. Baadhi yao walikuwa wameshapewa naye lifti.

Apolinaria aliiona pampu, hatua kumi kutoka aliposimama, na mtoto mmoja ananywa kwa mkono. Aliwaza kuhusu sala. Aliwaza kuhusu padri wa Nzega na jinsi atakavyoungama jambo hili. Halafu akaona hana hata nguvu ya kuogopa.

"Niandike mjane," akasema.

Karani akamgeukia mjumbe. Hiyo ndiyo kazi ya mjumbe, kuthibitisha. Shilinde alikuwa mtu wa kanisa, anakaa kiti cha mbele. Alitua furushi la vigingi.

"Mimi nimekaa na huyu mama miaka yote," akasema. "Kulima analima mwenyewe. Kuezeka ameezeka mwenyewe. Mwanaume mle ndani mimi nimemwona kama mgeni wa Krismasi."

"Nakuuliza ni mjane?"

"Piga kigingi, bwana karani. Jua linashuka."

Kigingi kikapigwa. Apolinaria Mathias, mjane. Mtu mmoja nyuma alikohoa, mwingine akaanza kucheka akajiziba mdomo, na Bernadeta akawaangalia wote mpaka wakanyamaza. Karani akasogea kwenda mbele. Apolinaria alikaa chini pale pale karibu na kigingi, akanyoosha miguu.

Gari liliingia giza la kwanza, karani ameshakwenda kulala shuleni. Watoto walikuwa wanakimbia mbele yake wanashangilia ng'ombe. Nikolaus alishuka akanyoosha mguu wake mbaya, akamshukuru Luhende kwa maneno mazuri, akamwendea mkewe akiwa amejaa habari: walivyovuka korongo, ng'ombe wa kushoto alivyo na akili, katekista alivyokutana nao akirudi akashuka kwenye baiskeli kuwatazama. Apolinaria alimwacha amalize.

"Tumepata hapa?" Nikolaus akauliza, anaangalia pampu. "Hapa kisimani? Nilikuambia tutawahi."

"Nimepata," Apolinaria akasema. "Nimeandikwa mjane."

Nikolaus akatabasamu kwanza. Halafu akaona Bernadeta hacheki, Shilinde hacheki. Akaegemea gari.

"Umeniua, mama Eustace?"

"Ulikuwa na baiskeli."

Alisema hivyo tu, na wala hakupaza sauti. Nikolaus alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari, akasugua goti. Aliposema tena ilikuwa kwa sauti ya mtu mwingine, kwamba kesho atakwenda kwa karani kumweleza, mambo yarekebishwe. Shilinde ndiye aliyemwambia kwamba mambo yakirekebishwa, kiwanja kinakwenda kwa mwingine na wao wanakwenda mbugani, na yeye mjumbe anakwenda kulala ndani. Karani alikuwa bado na siku mbili za kupima Lusu, upande wa mbugani.

Kwa hiyo Nikolaus alikaa ndani ya boksi siku mbili, pazia limefungwa, kwenye joto la bati na harufu ya petroli. Ufunguo aliuleta Ngollo mwenyewe Jumatatu asubuhi kwa baiskeli. Bernadeta alimdaka mbali akaupokea, akampa maziwa ya mgando, akamrudisha. Apolinaria alimpitishia mumewe ugali chini ya pazia. Mchana karani alipita, akasimama, akauliza gari hilo ni la nani. Apolinaria akasema ni la mume wake. Karani akasema pole sana mama, na akaenda zake. Ndani ya gari hakikusikika hata kikohozi.

Jumatano saa tatu Landrova ya wilayani iliondoka na vigingi vilivyobaki, ikaelekea Puge. Apolinaria alikuwa anachimba mashimo ya nguzo. Alikuwa kwenye la tatu, na udongo wa kule juu ni mgumu, jembe linadunda. Mlango wa nyuma ukafunguka. Nikolaus akatoka amefumba macho kwa mwanga, ndevu zimeota nyeupe, shati limemgandia. Alisimama pale kidogo. Halafu akaja akichechemea, akashika mpini wa jembe, na Apolinaria akauachia.

Apolinaria alikaa juu ya rundo la fito. Alikuwa anasikia pampu inavyolia, wanawake wanapokezana, ndoo zinajaa haraka, na hakuwa na haja ya kwenda sasa. Angekwenda baadaye. Hata kesho. Usingizi ukaanza kumshika pale pale alipokaa.

Nikolaus alichimba, akapumzika, akachimba. Baada ya shimo la nne akajifuta uso.

"Serengeti mwakani, labda," akasema, hamwangalii.

"Chimba, baba Eustace."